Rangi Iliyokwisha Kuingia Ndani ya Simenti

Leo tuzungumze habari za sakafu ya simenti iliyoingia madoa, na namna ya kuibadilisha rangi.

Atakuwepo mtu wa kusema kwamba Masisi na Walikale, huku kwetu Kivu Kaskazini, zina mambo mazito kuliko sakafu. Namwelewa. Lakini mtoto wa darasa la kwanza anayekaa chini kwa sababu dawati lake liligeuzwa kuni anaijua sakafu kuliko mimi na wewe. Vita vilivyoikuta Masisi-Centre mwanzoni mwa Januari 2025, vikaingia Walikale-Centre tarehe 19 Machi mwaka ule ule, havikuwa vya kwanza. Kwa miaka mingi, milio ya risasi inaposikika, familia hukimbilia mahali penye paa kubwa: masomo, kanisa, kituo cha afya. Wanalala humo, na mvua ikinyesha wanapika humo humo. Mama anaweka mafiga matatu kwenye kona ya darasa kwa sababu tumbo la mtoto halingoji jua litoke. Mama huyo hana kosa. Ila siku watu wanaporudi makwao, kama walivyorudi wengi Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, mwalimu anafungua mlango na kukuta miviringo myeusi sakafuni, michirizi ya mafuta ya mawese, na alama za kahawia ambazo hajui zimetoka wapi. Swali lake la kwanza ni hili: nitie nini ili sakafu irudie rangi yake?

Mwalimu, nakupa jibu sasa hivi ili usipoteze franka za wazazi. Mara nyingi haitarudi. Simenti iliyokwisha kunywa rangi haitapiki. Unaweza kuisogeza mbele, kwenye rangi nzito zaidi, na ikawa sakafu nzuri yenye heshima. Kuirudisha nyuma kwenye ukijivu wa siku ya kwanza ni kazi isiyo na mwisho, na sakafu nyingi nilizoona zimekufa ziliuawa na watu waliokuwa wanajaribu kuzing'arisha.

Sababu iko ndani ya simenti yenyewe. Ikikutana na maji, inashika mchanga na kokoto kuwa jiwe moja, na wakati huo huo inazaa chokaa inayobaki humo ndani. Maji yasiyotumika yanatafuta njia ya kutoka, na njia hizo zinabaki kama vitundu visivyoonekana kwa macho. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na maji ya lita 25 hivi. Fundi anayemimina lita 40 ili mwiko uteleze anaacha vitundu vingi mno, na sakafu yake itakunywa kila kitakachomwagika juu yake kwa maisha yake yote. Marekani na Ulaya wapo mafundi wanaotumia tabia hii kwa makusudi. Wanapaka zege asidi iliyoyeyushiwa chumvi za chuma, za shaba au za manganizi. Asidi inafungua uso wa zege, chumvi zinakutana na ile chokaa, na hapo inazaliwa rangi isiyoyeyuka tena kwa maji: kahawia ya chuma, kijani cha shaba, weusi wa manganizi. Rangi hiyo haikulala juu ya sakafu, imekuwa sakafu. Na mafundi hao, mteja akichoka na rangi aliyoichagua, wanamwambia ukweli: tunaweza kuizidisha, tunaweza kuisaga na kuiondoa pamoja na uso wa zege, au tunaweza kuifunika. Dawa ya kuifuta hawana.

Sisi huku hatukununua asidi hiyo. Mvua, kutu, matope na moto vimetufanyia kazi ile ile bila kuombwa.

Tuanze na moto, kwa sababu hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Doa jeusi la mafiga ni mambo mawili yaliyolaliana. Juu kuna masizi, na masizi ni kaboni kwa sehemu kubwa. Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo, haiyagusi masizi. Unaweza kumwaga bidoni nzima ya javel, darasa likanuka mpaka kesho kutwa, na weusi ukabaki palepale. Masizi huondoka kwa sabuni, brashi ngumu na mikono. Pale yaliposhikana na lami ya moshi wa kuni mbichi au na mafuta ya chakula, chukua jivu la kuni lililochekechwa, lilowanishe kwa maji ya moto liwe uji mzito, lipake unene wa kidole, liache mpaka likauke kabisa, kisha likwangue. Jivu lina magadi yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, na likikauka linayavuta kutoka kwenye vitundu. Rudia mara ya pili, ya tatu. Mawese yaliyomwagika kwenye sakafu za Walikale yanatoka vizuri kwa njia hii, mradi usingoje miezi. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, kwa maana magadi hayo yanachoma.

Chini ya masizi kuna jambo la pili. Ukishaosha, piga magoti uangalie rangi iliyobaki. Zege likipata moto wa nyuzi 300 hivi, chuma kilichomo ndani ya mchanga na kokoto hugeuka, na sakafu inakuwa na wekundu hafifu, kama waridi lililofifia. Moto ukizidi nyuzi 600, wekundu unapotea na zege linakuwa la kijivu cheupe, na hapo limekwisha nguvu. Katikati ya hatua hizo mbili ile chokaa ya ndani inapoteza maji yake. Mvua ikivuja juu yake baadaye, au wewe mwenyewe ukiimwagia maji ya kuoshea, inayavuta tena, inavimba, na simenti inamomonyoka kuwa unga wiki kadhaa baada ya moto kuzimwa. Ndiyo maana watu husema, "mbona sakafu ilikuwa nzima tulipofika, sasa inachimbika?" Haikuwa nzima. Rangi ilikuwa imekwisha kutoa habari.

Kwa upande wa Sake na kwenye barabara ya Mushaki, ambako mafundi wanajenga kwa mchanga mweusi wa lava, wekundu huo hauonekani vizuri. Huko tumia sikio na msumari. Gonga kwa nyundo ndogo: sauti ikiwa ya uwazi chini, tabaka limeachana. Kwaruza kwa msumari: ukichimba kirahisi, usifikirie rangi wala mapambo. Kata sehemu hiyo yote kwa tindo hadi ufike kwenye zege gumu, hata kama ni duara la mita nzima, na ujaze upya. Rangi juu ya zege lililokufa ni fedha iliyotupwa.

Sasa nina neno kali kidogo kuhusu asidi. Kuna watu wanaosugua madoa kwa asidi ya betri, kwa sababu inachemka, inatoa povu, na chini yake panaonekana peupe. Ndugu zangu, weupe huo ni uharibifu. Asidi ya betri ikikutana na chokaa ya simenti inazaa jasi, na jasi ni laini, inakatika chini ya mguu. Zaidi ya hapo, asidi iliyotoka kwenye betri kuukuu imebeba risasi, ile metali inayodumaza akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo. Unaimwaga kwenye darasa ambamo watoto wanakaa chini, wanashika vumbi, kisha wanakula muhogo kwa mkono huo huo. Mwalimu, mkuu wa masomo, padri, mchungaji, yeyote mwenye sauti pale ulipo: katazeni jambo hili. Na anayetumia asidi ya kusafishia choo asiichanganye kamwe na javel. Vikikutana vinatoa hewa ya klorini, na chumba kilichofungwa madirisha kinaweza kumuua mtu aliyeinama na brashi yake.

Nimetaja chuma. Ukiniuliza nani mpaka rangi mkuu wa nchi hii, nitakujibu ni chuma. Ukijivu wa simenti unatoka kwenye chuma; simenti nyeupe hutengenezwa kwa udongo na mawe yenye chuma kidogo sana. Weusi wa lava umebeba chuma. Wekundu wa mafiga ni chuma. Na ile michirizi ya kahawia kwenye ngazi na veranda za Masisi ni chuma pia, kilichotoka juu ya paa.

Tuitazame michirizi hiyo. Tangu mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilikaa miaka mingi na ziwa la moto kileleni, mpaka ilipopasuka tena tarehe 22 Mei 2021. Miaka yote hiyo ilikuwa miongoni mwa milima inayotoa hewa ya salfa nyingi kuliko karibu mingine yote duniani, na jirani yake Nyamulagira naye aliongeza ya kwake. Upepo wa huku husukuma moshi huo kuelekea magharibi, yaani juu ya Rusayo, Sake na milima ya Masisi. Mvua inayopita ndani yake inashuka na ukali wa asidi. Bati linaliwa kabla ya wakati, kutu inayeyuka, na kila tone linaloanguka kutoka ukingoni mwa paa linapiga mahali palepale kwenye simenti. Chini, kutu inakutana na chokaa na kugandia. Huu ni ufundi ule ule wa wapaka rangi wa Marekani, umefanywa na volkano.

Anayetaka kuondoa doa hilo aanze juu. Mfereji wa kukusanya maji ya paa, hata wa bati lililokunjwa kwa mkono, una faida kuliko kusugua kwa miaka kumi. Doa jipya unaweza kulipunguza kwa maji ya limau: paka, acha dakika chache, sugua, suuza kwa maji mengi. Usiliache usiku kucha, kwa sababu limau nalo ni asidi na linakula simenti polepole. Doa la miaka mingi halitaondoka lote. Hapo nakushauri ufanye kinyume chake: kama sehemu moja ya veranda imekuwa ya kahawia, ifanye veranda yote iwe ya kahawia. Loweka misumari yenye kutu na nyuzi za chuma cha kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku kadhaa, kwenye chombo kisichofungwa kabisa, mpaka maji yawe ya rangi ya chai nzito. Chuja. Sakafu ikiwa safi na imekauka, paka maji hayo kwa brashi pana, uyatandaze kabla hayajatulia. Mwanzoni utaona kama hakuna kitu. Siku inayofuata, hewa ikishaingia, rangi inatokea. Haitakuwa sawasawa kila mahali. Itakuwa na mawingu mawingu, na kwa macho yangu mawingu hayo ni mazuri kuliko rangi ya kopo iliyobanduka nusu.

Jambo moja la mahali hapa linalohitaji kutajwa. Ukijaribu maji ya misumari juu ya zege lililochanganywa na majivu laini ya volkano, rangi inaweza kuwa hafifu. Majivu hayo hula chokaa ya simenti na kuigeuza kuwa ugumu. Ndiyo siri ya Warumi wa kale waliojenga kwa vumbi la volkano la Pozzuoli, na majengo yao mengine yamesimama hadi leo. Zege lenye ugumu huo linabaki na chokaa kidogo ya kushika rangi. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kona moja isiyoonekana, siku mbili nzima, kabla ya kupaka kote.

Wenye vyumba vya kutengenezea jibini kule kwenye malisho ya Masisi, madoa yenu ni ya namna nyingine. Maji ya maziwa yaliyochacha yana asidi yake, na ndiyo inayofichua mchanga na kuacha sakafu ya manjano yenye mikwaruzo. Hakuna rangi itakayokaa hapo. Sakafu iwe na mteremko kuelekea mlangoni, na isuuzwe kila siku kabla maji hayo hayajakauka. Hilo tu.

Tushuke sasa Walikale. Kule mvua ni nyingi na udongo ni mwekundu, mwekundu hasa, tangu barabara inapoingia msituni hadi kwenye kingo za Lowa. Mvua ya maelfu ya miaka imefua udongo ule, ikapeleka mtoni kila kinachoyeyuka, ikaacha kile kisichoyeyuka, na kimojawapo ni chuma kilichooza. Vumbi lake ni jembamba sana. Linaingia na viatu, linaingia na miguu mitupu, linakaa kwenye vitundu vya simenti, na ndani ya mwaka mmoja sakafu ya kituo cha afya haijulikani ilikuwa ya kijivu au ya namna gani. Wauguzi wanasugua kila asubuhi. Nawahurumia, kwa sababu wanashindana na ardhi yenyewe.

Nami nasema waache kushindana. Ile rangi nyekundu ya unga inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo mafundi wanaiita oksidi, ni oksidi ya chuma. Na wekundu wa udongo wa Walikale ni oksidi ya chuma. Kitu kinachochafua sakafu na kitu kinachopamba sakafu ni kimoja. Wazee waliojenga misheni na masomo ya zamani hapa Kivu, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania walitia sakafu zao rangi nyekundu, zikapakwa nta, zikang'aa, na matope ya msimu wa mvua hayakuzifedhehesha. Nashangaa leo tunavyojenga vyumba vya madarasa kwa msaada wa nchi za mbali, tunaweka bango mlangoni, na ndani tunaacha simenti tupu ya kijivu katika nchi ya udongo mwekundu. Kilo chache za oksidi hazionekani kabisa katika hesabu ya jengo. Wanaopanga bajeti za kujenga upya masomo ya Masisi na Walikale waandike mstari huo mmoja.

Namna ya kuifanya juu ya sakafu ya zamani ni hii, na namwomba fundi aisikilize vizuri, kwa kuwa simenti inayofika Walikale imepita barabara ya Hombo kwenye matope, au imepanda ndege, na mfuko mmoja ni mali.

Sakafu iliyowahi kupakwa nta, mafuta au rangi ya kopo haishiki tabaka jipya. Lazima uso wake uchongwe kwa tindo mpaka uwe na makovu kila mahali. Fagia, osha, lowesha tangu jana yake ili isinyonye maji ya tabaka jipya, lakini wakati wa kazi kusiwe na madimbwi. Kisha sugua kwa brashi uji mwepesi wa simenti tupu, na kabla uji huo haujakauka mwaga tabaka lako: simenti sehemu moja, mchanga safi sehemu tatu, maji kidogo kadiri inavyowezekana. Unene uwe sentimita 3 au 4. Najua fundi atakwambia sentimita 1 inatosha na itapunguza gharama. Sentimita 1 itapasuka na kujikunja kabla mwaka wa masomo haujaisha, na utanunua simenti mara mbili.

Oksidi ichanganywe na simenti ikiwa bado kavu, mpaka usione mistari. Kwa mfuko wa kilo 50, kilo 2 au 3 zinatoa wekundu mzuri. Usivuke kilo 5. Zaidi ya hapo unga wa rangi unachukua nafasi ya simenti, na sakafu inalainika wakati rangi yenyewe haizidi. Kama mkoba ni mdogo, tengeneza tabaka la kawaida la kijivu, na likianza kukaza tandaza juu yake mchanganyiko mkavu wa simenti na oksidi, kiasi kidogo, ukandamize kwa mwiko wa chuma mpaka ung'ae. Rangi itakuwa ya milimita chache tu, lakini kwenye chumba cha kulala au ofisi inatosha. Darasani, ambako madawati yanaburuzwa, tia rangi tabaka zima. Na ndoo iliyopimia mchanganyiko wa kwanza ipimie na wa mwisho. Ukianza kukadiria kwa jicho, darasa moja litakuwa na wekundu wa namna nne.

Kuna mama mmoja atauliza: udongo wetu wenyewe ni mwekundu, kwa nini tununue oksidi? Swali zuri, na jibu lake si hapana moja kwa moja. Udongo mbichi una udongo wa mfinyanzi ndani yake. Mfinyanzi unakunywa maji, unakauka, unajikunja, na simenti iliyochanganywa nao inapasuka. Usiutie. Lakini udongo huo huo ukiwa umechomwa kuwa tofali, tabia yake inabadilika. Moto wa tanuri unaugeuza mfinyanzi kuwa kitu kinachoshikana na chokaa na kukaza. Wahindi walisaga matofali na kuyachanganya na chokaa kwa karne nyingi, Warumi nao walifanya vivyo hivyo. Kwetu matofali yaliyovunjika yamelala kando ya kila tanuri. Yatwangeni yawe unga laini, yachekecheni kwa kitambaa, na badala ya simenti ndoo kumi tieni ndoo tisa za simenti na moja ya unga huo. Rangi haitakuwa kali kama ya oksidi, itaelekea waridi, na itapokea vumbi la Walikale bila kuonyesha. Kinga pua kwa kitambaa unapotwanga, vumbi hilo ni baya kwa mapafu.

Baada ya kazi, maji. Funika sakafu kwa magunia au majani ya migomba, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Kwenye baridi ya milima ya Masisi simenti inakaza polepole kuliko Walikale, kwa hiyo huko ongeza siku. Mbuzi wasipite, watoto wasipite, hata mkuu wa groupement akija kuangalia akae mlangoni.

Huenda mwezi wa kwanza ukaona ukungu mweupe juu ya wekundu. Watu hukimbia wakidhani wameuziwa oksidi ya bandia. Mara nyingi ni chokaa ya ndani iliyopanda na unyevu ikakauka juu. Osha kwa maji yenye siki kidogo sana, suuza, kausha. Ukungu huo ukirudi tena na tena, basi kuna maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia kwa upande wa ukuta, na kazi yako iko nje: chimba mtaro.

Mwisho ni nta, na hapa nawaomba wa Walikale wasinikasirikie. Msipake mawese. Najua yako karibu na yanang'aa siku ya kwanza. Mafuta ya mawese hayakauki kamwe. Yanabaki yananata, yanachacha, yanavuta vumbi, na yakishaingia kwenye vitundu hakuna tabaka jipya litakaloshika hapo. Mafuta ya kitani hukauka na kuwa magumu, ndiyo maana maseremala wanayatumia. Mawese hayana tabia hiyo, na ya avokado vilevile. Mnayo nta ya nyuki wa msituni. Iyeyusheni ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, iondoeni kabisa jikoni, mbali na moto wowote, ndipo mtie petroli ya taa kidogo kidogo mpaka iwe laini kama siagi. Pakeni kwa kitambaa, kiasi chembamba, fungueni madirisha, na mngoje harufu iishe kabla ya kusugua kwa gunia kavu. Kwenye wodi ya wazazi na kwenye ngazi msipake, zitateleza.

Walimu wanaofungua mwaka mwezi wa Septemba wahesabu nyuma. Salongo, yaani kazi ya pamoja, ya wazazi ya kukwangua masizi na kuchonga sakafu ifanyike Julai, kabla fundi hajaitwa, kwa sababu kuchonga hakuhitaji fundi na ndiko kunakokula siku nyingi. Fundi aingie wiki ya kwanza ya Agosti akute sakafu imekwisha loweshwa. Chumba chenye mafiga mengi kitangulie, kwani ndicho kitakachotoa habari mbaya, na ni heri mzijue mkiwa bado na mifuko ya simenti haijafunguliwa.